Jiwe la Sericho na Kijana wa Benchi la Nyuma

Sisi wa Shinyanga na Geita tumezoea kutafuta vya thamani chini ya ardhi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Geita vijana wetu hushuka maduarani, mawe yakasagwa karashani, na dhahabu ikapimwa. Hata magwangala, mabaki ya mgodi, wenzetu huyachambua upya kwa matumaini.

Lakini yapo mawe ya thamani yaliyotoka juu. Mwaka 2016, karibu na Sericho kaskazini mwa Kenya, ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao walikuta mawe makubwa, mazito kupita kawaida. Wafugaji waliyajua siku nyingi; wazee walikumbuka kuyachezea utotoni. Yalipopimwa, kumbe ni kimondo adimu cha aina ya palasaiti. Kimondo chetu cha Mbozi ni chuma. Hiki, pamoja na chuma, kimebeba fuwele za olivini, madini ya kijani-manjano ambayo yakiwa safi huitwa peridoti na huvaliwa kama kito.

Asili yake ni ya miaka ipatayo bilioni 4.5 iliyopita. Miamba ya angani iliyeyuka kwa joto, chuma kikazama ndani, olivini ikabaki juu yake. Vilipochanganyika, vilipoa polepole mno, kisha migongano ikavunja mwamba huo na vipande vikatufikia. Kwa nje ni jiwe la kutu. Likikatwa jembamba na kuinuliwa kwenye mwanga, hung'aa kama dirisha la vioo vya rangi.

Mungu aliweka uzuri huo mahali ambapo hapakuwa na jicho la kuuona wala soko la kuununua.

Kwetu, kijana akipanda kutoka duarani mikono mitupu miezi mitatu, mfadhili humkimbia na marafiki hupungua. Kanisani hukaa benchi la nyuma, kisha haji tena. Je, mtu ana thamani gani siku mwamba usipotoa kitu? Ayubu sura ya 28 inaisifu kazi ya wachimbaji, kisha inauliza hekima inapatikana wapi. Jibu halitoki mgodini. Ni kumcha Bwana.

Kijana yule alikuwa na thamani kabla ya mzani kuwekwa mezani. Wapendwa, Jumapili hii tusiende moja kwa moja kwenye viti vyetu vya mbele. Tupitie kwake, tumsalimie kwa jina. Na kama hayupo, tumfuate.