Kodi ya Mali katika Nchi ya Barafu

Katika pwani ya kaskazini kabisa ya Alaska, nchini Marekani, iko wilaya iitwayo North Slope. Ndiyo nchi ya Wainupiat, watu mashuhuri kwa kuwinda nyangumi. Wilaya hiyo ina zaidi ya maili za mraba 88,000, lakini mwaka 2020 walihesabiwa watu 11,000 tu na kitu. Hapana barabara za kudumu ziunganishazo vijiji vyake. Wasafiri huenda kwa ndege. Katika mji mkuu, Utqiaġvik, jua halichomozi kwa siku 65 hivi wakati wa baridi.

Je, watu wachache namna hii hupata wapi fedha za shule na zahanati? Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa kwetu mwaka 1901 ilidai kila kibanda kiasi kile kile, mwenyewe awe tajiri au maskini. Kodi ya mali sivyo ilivyo. Mthamini hukadiria bei ya mali, na mwenyewe hulipa fungu la bei hiyo. Aliye na kingi hulipa kingi.

Mwaka 1968 mafuta yalitangazwa kupatikana Prudhoe Bay. Wainupiat walitambua kwamba mitambo ya thamani kubwa itajengwa kwao, wakaunda wilaya yao mwaka 1972, na Eben Hopson akawa meya wa kwanza. Makampuni ya mafuta yalikwenda mahakamani kuipinga, yakashindwa mwaka 1974. Kwa sheria ya Alaska, mali ya mafuta hutozwa dola 20 kwa kila dola 1,000 za thamani yake. Wilaya hutwaa fungu lake kwanza. Kinachosalia ni cha serikali ya jimbo. Kwa fedha hizo zilijengwa shule za sekondari vijijini, na watoto hawakulazimika tena kupelekwa mbali na wazazi wao ili wasome.

Lakini mtambo huchakaa kama jembe, na thamani yake hupungua. Bomba kuu lililofunguliwa mwaka 1977 lilifikia kilele chake mwaka 1988. Tangu hapo mafuta yapitayo humo yamepungua sana. Wilaya imejiwekea akiba, nalo ni jambo la busara. Mkulima wa zao moja hushiba miaka ya neema. Mwenye kuona mbali hupanda la pili kabla la kwanza halijanyauka.