Jinsi Tulivyocheza Kusadikika

Wengi wenu mmekisoma kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Ni habari ya nchi inayoelea hewani, ambako Karama ashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Naye ajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia mambo ya wajumbe sita waliotumwa pande nne, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na habari za manufaa, wakalipwa kifungo.

Mwaka jana tulijitia kukifanya kitabu hicho kuwa mchezo, pamoja na wanafunzi wetu wa Nachingwea, wauonyeshe kwao kwanza na kisha Ruangwa. Shida ilitupata mapema, kwa maana kitabu karibu chote ni maneno ya mtu mmoja asimamaye barazani. Msomaji akaaye kitini hachoki, bali mtazamaji aliyesimama juani atakwenda zake. Ndipo tukaazimia kila mjumbe apewe njia yake: huyu aimbiwe, yule achezewe ngoma, mwingine avae uso wa mti kama Wamakonde wafanyavyo katika mapiko, wala asinene neno. Mjumbe wa ardhini tulithubutu kumvika habari za kwetu. Wazee wa Nachingwea hawajausahau mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 ukavunjika mwaka 1951, wala reli iliyojengwa toka Mtwara kwa ajili yake, ikafungwa mwaka 1962. Basi watoto walilala chini wawili wawili wakawa reli, wenzao wakapita juu yao kwa mwendo wa gari la moshi, kisha wale wa chini wakaondoka mmoja mmoja. Mzee mmoja alipoona hayo katika mazoezi alicheka sana, halafu akanyamaza, akaenda kukaa peke yake chini ya mkorosho.

Majivuno tulimpa kijana mwenye sauti na mabega. Kila alipoingia, ngoma zote zilimtangulia. Karama tulimpa hotuba ya kurasa tatu, nasi tuliipenda hotuba ile kuliko mchezo wenyewe.

Siku ya kwanza, hapo Nachingwea, watu walimshangilia Majivuno. Karama aliposema, kwa ufasaha na bila kukosea hata neno moja, wao walizungumza habari za bei ya korosho. Na mfalme alipowafungua wafungwa, sauti ikatoka nyuma, "Mrudisheni Waziri!" Umati ukacheka. Tuliona haya kubwa.

Usiku ule tuliwalaumu watazamaji, tukisema hawa si wasomaji. Kesho yake msichana mmoja wa wapiga ngoma alitujia, akasema, "Mwalimu, sisi twampigia mshtaki tu. Huyu Karama hamkumpa hata ngoma moja." Tulimkemea kwa kunena asipoulizwa.

Wasomaji, twaliungama jambo hili hapa. Mtu aliyetuletea habari ya manufaa tulimfukuza, nasi siku hiyo hiyo tulikuwa tumekishika kitabu mkononi.

Siku mbili neno lake lilitusumbua. Siku ya tatu tulimwita, tukamwambia akae na wenzake watengeneze wapendavyo. Akamnyang'anya Majivuno ngoma zote, aingie kimya, isikike miguu yake tu. Karama alipofungua kinywa, ngoma moja ndogo ilianza chini chini, na kwa kila mjumbe aliyesimuliwa ikaongezwa nyingine, hata zikawa sita. Kurasa zetu tatu hazikuweza kukaa pamoja na ngoma hizo. Tulizikata kwa mkono wetu wenyewe, yakabaki maneno ya dakika mbili, na iliuma.

Ruangwa tulicheza jioni, uwanjani. Waziri alipoingia watu walianza kucheka kwa mazoea, kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukichukua. Alisikika mtoto akilia mgongoni mwa mama yake. Kwa ngoma ya nne akina mama wa mbele walikuwa wakipiga makofi pamoja na Karama, na ya sita ilipoingia hatukuyasikia tena maneno yake, wala hatukujali.

Yule kijana wa Majivuno hakusema nasi njia nzima ya kurudi Nachingwea. Msichana alikaa nyuma ya lori, ameipakata ngoma kubwa isigonge katika mashimo.