Wageni wa Mida

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Leo twaomba ruhusa tuwachukue mbali kidogo na barza yetu: kwanza hadi India kwa njia ya filamu fupi, kisha hadi Mida kwa matatu ya kukodi. Safari ya pili ilizaliwa na swali la mama mmoja, na swali lenyewe hatujalimaliza hata leo.

Katika darasa letu la akina mama tulikuwa tumefika Suratul-An'am, kwenye aya ya 38, ambapo Mola wetu anatujulisha kwamba hata ndege warukao kwa mbawa zao ni mataifa kama tulivyo sisi. Tulipokuwa tukieleza maana ya umma, binti mmoja akanyoosha mkono, akasema anazo filamu mbili fupi za ndege zinazoeleza jambo hilo hilo. Tulisita. Filamu haijapata kuonyeshwa katika chumba kile, na hatukujua ndani yake mna nini. Tukazitazama peke yetu kwanza, usiku baada ya Isha. Jumamosi iliyofuata tukaazima projekta, tukatundika shuka jeupe ukutani.

Filamu ya kwanza ni ya dakika chache tu. Ilipigwa Oktoba 2012 katika jimbo la Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, kwenye bwawa la mto Doyang. Walioipiga ni watu wa Conservation India, na pamoja nao alikuwapo mwanahabari mwanamke wa huko huko, Bano Haralu. Habari yake ni ya kozi wa Amur, ndege mdogo wa kuwinda ambaye uzito wake haufiki gramu 200. Kozi huyu huzaliwa mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, na kila mwaka husafiri hadi kusini mwa Afrika, kisha hurudi. Njiani hutua Nagaland kwa maelfu, apumzike na kula kumbikumbi kabla ya kuvuka bara la India na bahari.

Pale alipotua ndipo alipongojewa. Wanakijiji walitundika nyavu za kuvulia samaki juu, baina ya miti ambamo ndege hao hulala, na usiku walinaswa kwa mamia. Asubuhi walichukuliwa kwenda kuuzwa. Waliopiga filamu walikadiria kwamba katika msimu ule mmoja waliuawa kozi kati ya 120,000 na 140,000. Darasa lilinyamaza. Nyavu zile zilifanana na zetu, na mikono iliyozitandaza ilikuwa mikono ya watu wa kawaida, wake kwa waume, wenye watoto.

Filamu ya pili ni The Pangti Story ya Sesino Yhoshü, naye pia ni wa Nagaland. Hii ni ya takriban nusu saa, nayo ndiyo iliyotufunza zaidi, kwa kuwa wanaosema ni wanakijiji wenyewe wa Pangti: walivyowinda, na walivyoacha. Picha za 2012 zilipoenea duniani, mabaraza ya vijiji yalikaa, yakapiga marufuku kuwanasa kozi. Msimu wa 2013 haikuripotiwa kwamba amenaswa hata mmoja. Novemba mwaka huo wataalamu waliwafunga kozi watatu vyombo vidogo vya setilaiti ili wajue njia yao, wakawapa majina Naga, Wokha na Pangti, yaani jina la watu wale, la wilaya yao na la kijiji chao. Tazameni jambo hili, enyi wazazi: aliyekuwa kitoweo jana, leo amepewa jina la nyumbani.

Tuliwaeleza akina mama kwamba ndege hawa si wageni wa India peke yake. Mwezi wa Novemba na Desemba, upepo wa kaskazi unapoanza, kozi wa Amur huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000, hata wafike pembe ya Afrika, na mapito yao ni Kenya yetu hii. Upepo ule ule uliowaleta mabaharia wa India na Arabuni kwenye bandari zetu ndio unaowasukuma.

Tulidhani somo limekwisha. Hapo bi mmoja, mjane, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kusikiliza, akauliza: "Sheikh, watu wale wameacha, alhamdulillahi. Lakini mwanamke aliyekuwa akipeleka ndege sokoni apate karo ya mwanawe, juma la pili yake alipeleka nini?"

Tukamjibu kwa hadithi mashuhuri ya tawakkul, inayotaja ndege watokao asubuhi na matumbo matupu wakarejea jioni wameshiba. Akatusikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Ni kweli, Sheikh. Lakini ndege nao hutoka kutafuta. Na mwanangu naye hutoka."

Ndipo tulipofahamu kwamba swali halikuwa la India. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba aliyeacha shule kwa ajili ya karo, huingia kandokando ya msitu na urimbo na mitego, akanasa njiwa na kanga, akaviuza. Mama alikuwa akijua, na alikuwa akila. Mbele ya darasa hatukumwambia neno. Nasi tulikuwa na letu moyoni: tulipokuwa watoto tulichemsha utomvu wa mfenesi tukafanya urimbo, tukanasa chiriku, tukawafunga uzi miguuni. Hatukumbuki hata mmoja aliyemaliza juma. Wala hatukuwa na njaa, tulikuwa tukicheza.

Basi tukaazimia kuliondoa somo ukutani, tulipeleke mahali pake. Jumamosi moja ya Novemba tuliondoka Malindi, mama kumi na wawili, watoto wao, na yule kijana ambaye mamake alimleta kwa kumwambia tu kwamba anahitajiwa kubeba maji. Tukapita Msabaha, tukapita Gede na magofu yake ya msikiti na visima vya wazee wetu. Baada ya Gede msitu wa Arabuko-Sokoke ulisimama mkono wetu wa kuume. Ni kipande kikubwa kilichosalia cha msitu wa pwani ya Afrika Mashariki, kiasi cha kilomita za mraba 420, nao ni makao ya bundi mdogo wa Sokoke ambaye nje ya pwani ya Kenya na Tanzania hapatikani duniani. Mkono wa kushoto, nyuma ya minazi na mikorosho, ilikuwa Mida.

Mida ni hori. Bahari huingia kwa mlango mwembamba karibu na Watamu, kisha hutanda ndani, ikazungukwa na mikoko, mikandaa na michu. Maji yakipwa, hubaki uwanda wa tope na mchanga unaong'aa kama sinia. Maji yakijaa, uwanda hupotea, na ndege waliokuwa mbali husukumwa kidogo kidogo hadi karibu na watu. Kijana mwongozaji wetu, mzaliwa wa kijiji cha hapo, alitwambia tuje maji yanapojaa, akatupitisha juu ya daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko. Akina mama walishikana mikono, na mmoja akasoma dua ya safari kwa mara ya pili.

Mwisho wa daraja pana kibanda cha kuangalilia ndege. Tukakaa, tukangoja. Robo saa, nusu saa, hatukuona ila maji na mwanga. Watoto wakaanza kulalamika, maana katika filamu ndege walikuja mara moja. Tukawaambia kwamba filamu hukata kungoja na kuacha kuonekana peke yake; aliyeipiga alingoja siku nyingi ili sisi tuone dakika moja. Kwa hiyo anayetazama filamu amekula tunda la subira ya mwenziwe, na si vibaya akajifunza kuionja subira yenyewe.

"Wale pale," sauti ikasema nyuma yetu. Alikuwa ni yule kijana wa mitego, naye hakuwa na darubini. Mwongozaji akaelekeza yake, akatazama, akacheka: "Ni kweli. Umewaonaje?" Kijana akajibu kwamba kitwitwi wadogo waliinuka wote pamoja, basi lazima kuna wakubwa wanaokuja kutua.

Wakaja. Walikuwa kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi kama jambia fupi. Chakula chake kikubwa ni kaa, kwa hiyo sisi tulimwita mla-kaa. Mwongozaji akatueleza kwamba ndege huyu hazaliani kwetu. Huja Mida karibu na mwisho wa kusi, akakaa nasi kaskazi yote, na mwezi wa Aprili hurudi kwao: pwani na visiwa vya Oman, vya Ghuba na vya Bahari ya Shamu. Huko huchimba shimo refu mchangani, jambo ambalo ndege wenziwe wa pwani hawalifanyi, akataga yai moja tu, jeupe, akalificha na jua kali.

"Kutoka Oman?" akauliza bibi mmoja mwenye nduguze Maskati. "Basi huyu ni jamaa. Mbona haji nyumbani kula?" Tukacheka sote. Lakini katika kucheka tukaona jambo. Yai moja kwa mwaka ni amana nzito. Anayemnasa mla-kaa mmoja hapa Mida huenda amefunga mlango wa nyumba moja kule Ghuba, na mwenye nyumba hatajua ni nani aliyeufunga.

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa pwani tumejengwa na wageni wa upepo. Tuliwapokea, tukaozana nao, tukaswali safu moja. Dini yetu imempa mgeni haki zake, na imemkataza mtu kuua kiumbe kwa mchezo. Ni kweli kwamba kuwinda kwa ajili ya chakula kuna mlango wake katika sharia, ingawa ndege wa kuwinda kwa kucha kama kozi haliwi kwetu. Lakini uhalali wa nyama haumpi mtu idhini ya kumaliza umma mzima, wala kuvunja sheria ya nchi iwalindayo wanyamapori. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaamuru masahaba wamrudishie ndege makinda yake waliyoyachukua, alipomwona mama yao akihangaika juu yao. Alimwona, kisha akauliza. Twadhani filamu njema ni ile inayofanya kazi hiyo: inamwonyesha asiyeona, ili aulize ni nani aliyefanya, na kirudishwe nini.

Tulipokuwa tukitoka, yule mjane akamuuliza mwongozaji kuhusu ada ya darajani, maana sisi tuliiona kubwa. Akajibiwa kwamba ndani ya fedha hizo mna fungu la karo. Upo mpango uitwao ASSETS, ulioanza mwaka 2001 chini ya A Rocha Kenya, ambao huchukua mapato ya wageni wanaokuja kuona ndege na mikoko, ukawasaidia kwa karo ya sekondari watoto wa jamaa wanaoishi kando ya msitu na hori. Mama yule alisimama kidogo juu ya mbao. Kisha akatutazama, akasema: "Hili ndilo jibu nililokuwa nikilitaka, Sheikh, ingawa si lote."

Ni kweli si lote. Fungu hilo halimfikii kila mtoto, na kijana aliyekwisha acha shule hangojei sekondari. Mwongozaji alimwambia kwamba macho kama yake yanatafutwa, na kwamba wapo vijana wanaojifunza kazi ya kuongoza wageni. Kijana hakujibu. Alibeba madumu ya maji hadi garini.

Nasi hatuna haki ya kumwambia aache urimbo, kisha tukaenda zetu. Kamati ya madrasa imekubali kutenga sehemu ya sadaka ya Ijumaa kwa ajili ya nauli yake ya kwenda Mida kujifunza, kwa miezi mitatu, akitaka. Kwenu wazazi twaomba machache: msimnunulie mtoto ndege wa porini aliyenaswa, mkiona wavu mkuukuu umebaki mikokoni, uondoeni, na mtoto akitaka kupiga picha kwa simu, afunzwe kungoja kimya, asifukuze kundi ili lipendeze kwa kuruka, wala asisogelee kiota.

Binti yule wa filamu alipiga yake pale kibandani, dakika moja na nukta chache. Wamo wala-kaa sita, mkono unatetemeka, na kwa mbali inasikika adhana ya Alasiri kutoka kijijini. Jumamosi iliyofuata tuliionyesha kwenye shuka lile lile. Kijana alisimama mlangoni, hakuingia. Ilipokwisha akasema: "Hapo walikuwa wamesimama tu. Mngengoja maji yaanze kupwa, mngewaona wanavyokula."

Tukamwambia: "Basi utatupeleka wewe, mwanangu." Akainamisha kichwa, akavaa viatu vyake.

Twamwomba Allah amfungulie mlango wa riziki ya halali, na atujaalie kuwa wenyeji wema kwa kila mgeni anayetuletea kwa miguu au kwa mbawa. Wabillahi tawfiq.