Umelala vya kutosha, mbona mchana hoi?

Kina mama wa Kidodi, tuendelee. Leo naongea na wewe unayelala saa tatu usiku mpaka kumi na mbili, halafu saa nne asubuhi jembe halibebeki, na nyumbani wanakuita mvivu.

Mimi kwanza nakuvuta kope la chini. Likiwa jeupe nauliza: pemba unakula? Wengi wanacheka tu, mwingine anatoa kipande kwenye pochi. Ile hamu ya udongo mara nyingi ni damu imepungua. Na damu ikiwa chache, hewa haifiki vizuri kwenye misuli, hata ulale siku nzima.

Mjamzito akiwa chini ya 11, na asiye mjamzito chini ya 12, damu haitoshi. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta hivyo kwa wanawake 45 katika kila 100, miaka 15 hadi 49. Wote hao wavivu?

Malaria inamaliza damu, hedhi nzito pia, kuzaa haraka haraka pia. Halafu minyoo ya safura, inapenya kwenye nyayo ukipalilia pekupeku.

Vidonge vya damu vinafanya choo kiwe cheusi, usiogope ukavificha chini ya godoro. Meza na maji ya ndimu, chai ya rangi isubiri kama saa moja. Rozela kunywa, tamu, ila haichukui nafasi ya vidonge.

Moyo ukienda mbio ukitembea kidogo tu, usingoje siku ya kliniki. Njoo leo.