Injini Iliyopakwa Grisi

Vijana watatu wa usharika wetu walipoingia kwenye kikao cha baraza la wazee na kusema wanaomba kibali cha kukodisha injini, mzee wetu mmoja aliyefanya kazi melini miaka mingi aliinua kichwa kwa furaha. Akauliza kama ni ya dizeli, na ina nguvu za farasi wangapi. Vijana wakatazamana. Injini waliyoisema haina bolti wala bomba la moshi. Ni maandishi ya programu yanayouendesha mchezo wa simu. Ndiyo yanayofanya mtumbwi usimame ukigonga mwamba, wimbi lipande na kushuka, na pointi za mchezaji zisipotee simu ikizimika.

Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa tumewapa chumba kilicho nyuma ya ofisi ya usharika, na shilingi 2,400,000 kutoka mfuko wa vijana. Fedha hizo zilitokana na minada ya sadaka baada ya ibada: kuku, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese. Tukiri kwamba sisi tulitaka watengeneze mchezo wa safari za Mtume Paulo. Wao walitaka dagaa. Mchezaji anatoka Kibirizi jioni, anawasha taa, anasubiri dagaa wakusanyike, na asipoangalia kalenda ya mwezi anaambulia patupu, kwa kuwa siku za mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Tulipouona mara ya kwanza tulisahau habari za Paulo. Wazee wenye mvi waligombea simu.

Lakini haukuuzika. Waliopewa bure walicheza, na walioombwa shilingi elfu moja walisema watarudi. Mwaka 2024, serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, tulijidanganya kwamba wavuvi waliokaa bila kazi watanunua mchezo. Mtu aliyekosa fedha ya unga hanunui dagaa wa kwenye kioo. Sadaka nazo zilishuka miezi ile, na mtunza hazina akaanza kuusoma mkopo wa vijana kwa sauti kubwa kuliko mistari mingine.

Ndipo wakaja na habari ya injini. Mmoja wao alitueleza juu ya vijana watatu wa Copenhagen, David Helgason, Nicholas Francis na Joachim Ante, waliotengeneza mchezo ulioitwa GooBall, wakautoa mwaka 2005, nao haukuwaletea faida. Ila katika kuutengeneza walikuwa wamejijengea nyenzo zao wenyewe, na mwaka huohuo wakaanza kuwauzia watengenezaji wengine nyenzo hizo kwa jina la Unity. Leo michezo mingi sana ya simu duniani inatengenezwa kwa Unity. Mtunza hazina akauliza, mbona basi ninyi hamkuitumia hiyohiyo? Wakajibu kwamba walianza nayo, ila mchezo uliotoka ulikuwa mzito kwa simu za bei nafuu walizo nazo watu wa mwaloni. Ndiyo maana waliandika injini yao ndogo, isiyohitaji intaneti. Mchezo umekufa, walisema, lakini kilichouendesha ni kizima.

Mzee wa melini sasa alielewa, tena kutuzidi. Akatukumbusha habari ya Liemba, ambayo kila mtoto wa Kigoma anaijua nusunusu. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye makasha na kuungwa hapa kwetu, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi safarini ikiwa na jina jipya. Mzee akasema, hawa vijana wamepaka grisi. Tulicheka, na tulikuwa tumekaribia kupitisha.

Aliyetusimamisha ni mama mmoja, mzee wa kanisa, anayeuza samaki sokoni na ambaye kwa kawaida huongea mara moja tu katika kikao. Aliuliza, anayekodi ni nani?

Ilikuwa kampuni ya michezo ya kubahatisha ya Dar es Salaam. Walitaka injini ile kwa sababu ileile iliyotupendeza sisi: ni nyepesi, inaingia kwenye simu ya mtu maskini. Wangelipa shilingi 6,000,000 kwa mwaka.

Tulikaa kimya kwa muda. Kisha mmoja wetu mwenye duka la vyombo vya uvuvi akasema muuza nyavu hamuulizi mnunuzi atavua wapi. Yule mama akamjibu kwamba kokoro likikamatwa, aliyeliuza naye anatafutwa. Mwingine akasema kubeti ni halali kwa sheria ya nchi na kodi inalipwa. Mwingine, kwa sauti ya chini, akasema baadhi ya walio katika chumba hiki wanajua mikeka ya Jumamosi inavyojazwa, na hakuna aliyewahi kurudisha sadaka kwa kuuliza ilikotoka. Hilo lilituchoma, kwa maana ni kweli. Tumezika mtu aliyejiua baada ya kubeti ada ya watoto, na bado hatujawahi kuhubiri juu ya jambo hilo kwa kulitaja jina.

Mwaka 1524 Luther aliandika juu ya biashara na riba. Alisema mfanyabiashara hana ruhusa ya kuuza kwa bei yoyote apendayo, bali inampasa kuuza kwa iliyo haki, kwa sababu biashara yake inamgusa jirani. Tuliyasoma hayo chuoni na kufaulu mtihani wake. Siku ile ndipo tuliposhika karatasi yenyewe.

Tulikataa. Kura hazikuwa nyingi upande mmoja. Tulipowaita vijana na kuwaambia, yule mkubwa wao alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa adabu, "Baba Mchungaji, mkishakataa ninyi mnakwenda nyumbani kula. Sisi je?"

Sisi watumishi wa neno tuna posho ya mwisho wa mwezi, ndogo lakini inafika. Luka 5 tumeihubiri mara nyingi kwa watu wa ziwa hili, habari ya waliokesha wasipate kitu na baadaye nyavu zikajaa. Hatujawahi kuuliza, baada ya Petro kuziacha zile nyavu ufukweni, mama mkwe wake, ambaye sura moja nyuma alikuwa ndiyo kwanza amepona homa, alikula nini wiki iliyofuata. Ni rahisi kuacha nyavu ambazo si zako. Dhamiri iliyokataa ilikuwa yetu, na chungu kilichokaa kitupu kilikuwa chao.

Tulipendekeza mkopo ufutwe, maana aliyemzuia mtu kulipa hawezi tena kumdai. Mtunza hazina alikataa, na tulimheshimu kwa hilo. Alisema kuku waliouzwa mnadani hawakuwa kuku wa baraza, na watu tisa ndani ya chumba hawawezi kuwasamehe kwa niaba ya wenyewe. Jambo likapelekwa mkutano mkuu wa usharika, ambako lilijadiliwa baada ya ukarabati wa paa, na muda ukaisha.

Yule kijana mkubwa alipanda treni kwenda Dar es Salaam mwezi uliofuata. Tumesikia ameajiriwa na kampuni ya namna ileile tuliyomkatalia. Hatujui tumlaumu nani, na tunamwombea kwa jina. Wawili waliobaki walipata mteja mmoja, mwalimu wa sekondari anayetaka kufundishia hesabu za kupima uzito na faida kwa mfano wa dagaa. Analipa shilingi 150,000 kwa mwaka. Tulikaa nao kuandika leseni, ukurasa mmoja na nusu. Walisisitiza bei isibadilishwe katikati ya mwaka, kwa kuwa mwaka 2023 Unity ilitangaza tozo mpya kwa kila mchezo unaopakuliwa, watengenezaji wakapiga kelele dunia nzima, na mwaka uliofuata tozo ikafutwa. Sisi tukaongeza sentensi moja, kwamba injini isitumike kwa kubahatisha. Waliiandika bila kutuangalia usoni.

Kwenye daftari la hazina mstari unasomeka, "Mkopo wa vijana, injini: 2,250,000." Husomwa kila robo ya mwaka. Mzee wa melini huuliza kila mara kama bado inawaka, nasi humjibu kwamba inawaka, ila abiria ni shule moja.