Kabla ya Ile Klipu ya Cosby

Siku niliyomwambia mathe nimeacha chuo, hakunipigia kelele. Aliniita jikoni, akamwaga maharagwe makavu mezani, akaniambia kila punje ni shilingi mia mbili. "Huu ndio mshahara wa mtu hana karatasi. Haya, lipa."

Nikatenga ya keja. Yeye akatenga ya unga, ya matatu, ya tokeni za stima. Nilipoona nimebaki na punje kama nane nikaanza kutabasamu. Akauliza, "Na ukigonjeka?" Akazizoa zote, akazirudisha kwa sufuria.

Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni hekima yake mwenyewe. Kumbe aliitoa kwa TV. Kipindi cha kwanza kabisa cha The Cosby Show, 1984, kijana anaitwa Theo amefeli shuleni na anamwambia babake yeye ataishi tu kama watu wa kawaida. Baba, Daktari Cliff Huxtable, anachukua pesa za mchezo wa Monopoly, anampa mshahara, kisha anaumaliza mbele ya macho yake. Mathe alikuwa mtoto, wanatazama kwa jirani kwa sababu kwao hakukuwa na TV. Babu yangu alikuwa mtu wa kuja mwisho wa mwezi, kuweka pesa kwa meza na kunyamaza. Kwa hivyo baba wa kuongea na watoto, wa kuwachekesha, wa kucheza na mkewe sebuleni, mathe alimjua kwa skrini. Akaweka ile hesabu kichwani zaidi ya miaka thelathini, akanifanyia mimi.

Kama umezaliwa baada ya 2000, huenda Bill Cosby unamjua kwa mememe tu, mzee wa sweta za rangi nyingi. Wacha nikupe stori, halafu nitakuambia kwa nini naandika hii leo.

Cosby alizaliwa Philadelphia mwaka wa 1937. Alienda Temple University, akaacha miaka ya mapema ya 60 ndio afanye uchekeshaji. Ndio, dropauti kama mimi. (Nilijaribu hiyo laini kwa mathe. Nikamwambia hata Cosby aliacha chuo. Akasema, "Na akarudi." Ni ukweli, mwaka wa 1976 alipata udaktari wa elimu.) Mwaka wa 1965 alipata nafasi kwa I Spy, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa nyota mwenza kwa mfululizo wa drama huko Marekani, na akashinda Emmy miaka mitatu mfululizo. 1972 akaleta katuni za Fat Albert. Halafu 1984 hadi 1992, The Cosby Show. Baba daktari wa uzazi, mama wakili, watoto watano, nyumba safi Brooklyn. Kwa misimu mitano mfululizo hicho kipindi kilikuwa juu kabisa kwa watazamaji Marekani. Kwa watu wengi weusi, na kwa watoto kama mathe huku kwetu, ilikuwa mara ya kwanza kuona familia inayofanana nao ambayo shida yake si njaa wala polisi. Mwaka wa 2002 Rais Bush akamvisha ile nishani kubwa ya raia, Presidential Medal of Freedom. Walimwita baba wa Marekani.

Sasa, sisi watu wa kontenti tunapenda kusimulia kuanguka kwake kwa njia moja. Oktoba 2014, mchekeshaji Hannibal Buress yuko jukwaani Philadelphia, mji wa nyumbani kwa Cosby. Anasema Cosby anapenda sana kuhubiria vijana weusi vile wanavaa na vile wanaongea, na ilhali ameshutumiwa kwa ubakaji. Anawaambia watu wakifika nyumbani waangalie kwa intaneti. Mtu kwa hadhira anarekodi na simu. Klipu inaenda. Ndani ya wiki chache NBC imeachana na kipindi kipya walichokuwa wanapanga naye, Netflix imesimamisha shoo yake, marudio yametolewa hewani. Dakika chache za simu zimeangusha mlima. Ukiwa na tripodi na bando unasikia hiyo stori unajiona uko na nguvu.

Niliipenda hiyo stori. Nilitaka hata kuifanyia video. Ndio nikaanza kusoma, na ikaharibika mikononi.

Buress aliwaambia watu waende kuangalia. Maana yake ni kwamba kulikuwa na kitu tayari cha kuangalia. Januari 2005, miaka karibu kumi kabla ya hiyo klipu, Andrea Constand, aliyekuwa akifanya kazi na timu ya basketboli ya wanawake pale Temple, aliwaambia polisi kwamba Cosby alimpa tembe nyumbani kwake mwaka mmoja nyuma, na akamdhulumu kingono akiwa hawezi kujisongesha. Februari mwendesha mashtaka wa kaunti akasema hatamshtaki. Constand akaenda kortini kwa kesi ya madai. Wanawake wengine 13 wakajitolea kuja kutoa ushahidi kwamba hata wao yaliwapata. Wengine walizungumza kwa majina yao, wazi, kwa TV na kwa magazeti. 2006 kesi ikamalizwa kwa makubaliano nje ya korti.

Halafu? Hakuna. Watu waliendelea na maisha. Mwaka wa 2009 Cosby akapewa Mark Twain Prize, tuzo kubwa ya ucheshi pale Washington. Zile habari hazikuwa zimefichwa. Zilikuwa hapo tu, kila mtu akizipita kama bango la barabarani.

Barabara Bowman ni mmoja wa wale waliokuwa wamesema. Hapana, ngoja niandike jina lake vizuri kwa sababu hata simu yangu inalibadilisha: Barbara Bowman. Novemba 2014 aliandika kwa Washington Post akiuliza kwa nini hasira ya watu ilianza tu baada ya mwanamume kusimama jukwaani na kulisema. Yeye alikuwa amelisema miaka na miaka.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Na kuna sehemu moja watu husahau. Mwaka wa 2004, Washington, kwenye sherehe ya miaka 50 ya ile hukumu ya Brown iliyopiga marufuku shule za ubaguzi, Cosby alitoa hotuba akiwakemea wazazi weusi maskini: vile wanalea, vile watoto wao wanaongea, hata majina wanayowapa. Julai 2015 jaji mmoja wa shirikisho alifungua sehemu ya karatasi za ile kesi ya zamani ya Constand. Sababu moja aliyotoa ni kwamba mtu aliyejifanya mhubiri wa maadili mbele ya umma hawezi kudai faragha kama mtu wa kawaida. Mahubiri yake yenyewe ndiyo yalisaidia kufungua faili. Na ndani ya faili, Cosby mwenyewe akiwa ameapa, anakubali kwamba miaka ya 70 alitafuta dawa za usingizi aina ya Quaalude akiwa na nia ya kuwapa wanawake aliotaka kulala nao. Wanawake zaidi ya 50 wakajitokeza, baadaye wakapita 60.

Akashtakiwa Disemba 2015. Kesi ya kwanza 2017, lile jopo la raia wanaoamua likashindwa kukubaliana. Aprili 2018 akapatikana na hatia kwa makosa matatu dhidi ya Constand, na Septemba akafungwa miaka 3 hadi 10. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikafuta hukumu, akatoka. Na hapa tuwe makini, kwa sababu kwa komenti watu hupenda kusema "alipatikana hana makosa." Hapana. Mahakama ilisema yule mwendesha mashtaka wa 2005 aliahidi kutomshtaki, Cosby akajibu maswali ya kesi ya madai akitegemea hiyo ahadi, kwa hivyo kumgeuzia hayo majibu baadaye haikuwa haki. Mwaka uliofuata, 2022, jopo la California kwa kesi ya madai liliamua kwamba alimdhulumu Judy Huth mwaka wa 1975 akiwa na umri wa miaka 16, na likamwamuru alipe dola laki tano. Cosby mwenyewe amekana kila kitu hadi leo.

Hiyo ndiyo stori. Sasa sababu ya kuandika.

Niko na rafiki. Ameniruhusu niandike hii bila jina lake na bila la huyo msee, na komenti yoyote ya kukisia nitaifuta. Yeye pia anafanya kontenti, mdogo, wafuasi elfu mbili hivi. Mwaka jana alienda kusaidia nyuma ya jukwaa kwa shoo ya msee mkubwa, mmoja wa wale ukimwona barabarani unatoa simu. Usiku huo alinipigia, tukapatana kwa kibanda cha chipo. Akaniambia yule msee alimfungia mlango, akamshika, akamzibia njia, na alitoka tu kwa sababu mtu wa sauti aligonga akitafuta waya.

Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza, "Kwani ulikuwa umekunywa?"

Sikuuliza kwa ubaya. Hivyo ndivyo nilijiambia. Lakini wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kolabo na huyo msee. Dakika tatu tu, tunacheka kwa gari lake. Ndiyo video yangu iliyowahi kuonwa na watu wengi zaidi, na ndiyo ilileta tangazo lililolipa keja miezi miwili. Nilikuwa nakula chipo nikisikiliza rafiki yangu akitetemeka, na kichwani nahesabu maharagwe.

Niliiacha hiyo video. Yeye akaacha kuongea hiyo maneno na mimi. Tulibaki kutumiana mememe.

Miezi kadhaa baadaye msee mwingine, naye mkubwa, akiwa laivu, akatoa kadokezo kuhusu yeye. Hakusema kitu chote, alicheka tu na kusema wasichana wa backstage wajichunge. Mtandao ukawaka. Na mimi, manze, nikashea. Nikaandika juu yake, "Sisi wengine tulijua."

Haikuisha dakika kumi. Rafiki yangu akanitumia meseji moja: "Ulijua kutoka kwangu."

Nimeiangalia hiyo meseji mara nyingi. Ndio nikarudi kwa stori ya Cosby nikaona mimi si yule mwenye simu pale Philadelphia. Mimi ni ile miaka tisa ya katikati. Mimi ni wale waliosoma 2005, wakasema "hmm," wakabadilisha stesheni. Msichana wa wafuasi elfu mbili aliniambia uso kwa uso nikamuuliza kuhusu pombe. Mwanamume wa wafuasi laki nne akacheka kwa laivu nikaamini papo hapo.

Nilienda nyumbani kumuuliza mathe kuhusu Cosby. Nilitaka kujua anafanyaje na yale maharagwe. Alikuwa anachambua sukuma, hakuinua kichwa. Akasema alilia ile siku alifungwa, na hakulia kwa ajili yake. "Nililia kwa sababu nilikuwa nimewatetea hao watu wa TV kwa chama. Nilisema hao wanawake wanataka pesa. Halafu mama mmoja wa chama, kimya kimya, akaacha kukuja kwangu." Akanyamaza kidogo. "Mimi nilipenda Cliff. Cliff si mtu, aliandikwa na watu ofisini. Huyo mwingine sikuwa namjua hata kidogo, na bado nilimwapia."

Nikamuuliza kama ile hesabu bado ni nzuri. Akasema hesabu ni hesabu, keja italipwa ama haitalipwa, haijali nani alikufundisha. "Lakini mtu kukufundisha hesabu poa haimaanishi unajua anafanya nini mlango ukifungwa."

Basi. Jana usiku nimeshusha ile video. Nimefuta pia ile posti ya "tulijua." Sitafuti makofi, nimechelewa karibu mwaka mzima, na rafiki yangu alipoona alijibu "sawa" pekee. Nimemwambia nikienda kuulizwa na yeyote nitasema alichoniambia usiku huo, saa ngapi, wapi, na kile kiswali changu cha kijinga pia. Atakavyoamua ni juu yake.

Kama kuna mtu amekuambia kitu, na huyo mtu hana jina kubwa, rudi kwa hiyo meseji leo. Usingoje klipu.

Mwezi huu nimemwaga maharagwe tena mezani. Bila ile video hayafiki. Nimeshampigia keateka, amesema ananipa hadi tarehe kumi.