Kutoka Kabambare mpaka Kindu: tuhesabu masaa

Juma hili tutembee pamoja katika njia ya kwetu, kutoka Kabambare mpaka Kasongo, kisha Kasongo mpaka Kindu.

Tukipima kwa mstari ulionyooka, namna ndege inavyopita, Kabambare na Kasongo zinaachana kwa kilomita 115 hivi. Kasongo na Kindu ni karibu kilomita 180. Ndege ndogo ya propela moja inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Kwa mwendo huo, Kasongo mpaka Kindu ni dakika 40 hivi, na urefu wa Kabambare mpaka Kasongo ni dakika 25 tu. Sombe haijaiva chunguni, safari imekwisha.

Lakini wengi wetu tunapita chini. Barabara ya Kasongo mpaka Kindu inazidi kilomita 200, na ukifika Alunguli bado uvuke Lualaba ndipo uingie katikati ya mji. Upande wa Kabambare kuna mto Luama na vijito vyake. Mvua zikianza, matope yanashika malori, na mwenye pikipiki anashuka kusukuma.

Njia hii ni ya zamani. Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Aliondoka Februari 1871, akafika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwisho wa Machi: karibu majuma sita. Misafara ya pembe za tembo ilipita huku ikienda Tanganyika na pwani, na Kiswahili tunachosema kilifika kwetu kwa njia hizo hizo.

Kwa nini tunahesabu haya yote? Kwa sababu mama mwenye uchungu hasaidiwi na kilomita za ramani. Anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa masaa mawili. Pikipiki ikichukua masaa matano kufika hospitali, hesabu imekwisha kumshinda kabla hajaondoka nyumbani. Ndege nayo si ya kutegemea: haiji kwa sababu tumeita, na kampuni nyingi hazimpokei mwenye mimba iliyopita majuma 36.

Basi dawa ya umbali ni kuondoka mapema. Mwenye mimba anayekaa mbali, hasa aliyewahi kupasuliwa au mwenye mapacha, aende kukaa kwa ndugu karibu na hospitali mwezi wa tisa unapoanza. Likelemba ya kikundi iweke pembeni pesa ya mafuta ya pikipiki. Tujue mapema nani atabaki na watoto, na nani wa jamaa anaweza kutoa damu. Na yeyote anayeona damu, kichwa kinachouma sana, macho kuona giza, uso kuvimba, degedege, au maji kutoka kabla ya uchungu, asingoje kuche: aende kituo cha afya mara moja.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kilete hesabu yake: kutoka kijijini mpaka hospitali ni masaa mangapi wakati wa kiangazi, na mangapi wakati wa mvua? Tutapanga pesa ya mafuta kwa kufuata hesabu ya mvua.